Majeraha ya Uso na Taya: Somo kwa Watu wa Ufipa



Katika somo la mwezi huu twataka kufundishana habari za majeraha ya uso, yaani jinsi watu wanavyoumia usoni kwa ajali na kwa kuanguka, na jinsi majeraha hayo yanavyozilemea hospitali zetu. Labda mmoja atauliza, Mwili una viungo vingi, mbona mmechagua uso peke yake? Tumeuchagua kwa sababu mambo mengi ya uhai yamekusanyika mahali hapo padogo. Kwa uso mtu hupumua, hula, huona na kunena, tena ndio unaomtambulisha kwa watu wake. Aliyevunjika mguu hujikongoja kwa fimbo, na ugali wake hula kama kawaida. Aliyevunjika taya hukaa mbele ya sahani akiitazama tu. Watu wengi hudhani ya kuwa jeraha la uso ni jambo la sura basi, la kuonewa haya. Hawajui ya kuwa laweza kumwua mtu njiani kabla hajafika zahanati, wala ya kuwa kuanguka kudogo kwaweza kumfunga mtoto kinywa miaka yake yote. Mambo hayo mawili ndiyo hasa yaliyotufanya tushike kalamu.

Kwanza tuutazame uso wenyewe. Mifupa ya uso ni 14, nayo yote imeshikamana isipokuwa mmoja, ndio taya la chini. Taya hili limepindika kama upinde. Ncha zake mbili hupanda juu hata mbele ya masikio, na huko kila ncha ina kichwa kidogo kinachocheza ndani ya tundu lake. Msomaji na aweke vidole mbele ya masikio yake, kisha afumbue kinywa na kukifumba: atavisikia vichwa hivyo vikienda na kurudi. Twaomba mahali hapo pakumbukwe, maana tutaparudia.

Mifupa ya katikati ya uso ni myembamba, mingine kama ganda la yai, na ndani yake mna vyumba vyenye hewa. Mwaka 1901 daktari mmoja wa Ufaransa, René Le Fort, aliyekuwa akivipiga vichwa vya maiti apate kujua jinsi mifupa inavyovunjika, alionyesha kwamba taya la juu halivunjiki ovyo, bali hufuata njia tatu. Hata leo madaktari huzitaja njia hizo kwa jina lake. Tena uso una mishipa mingi ya damu kuliko sehemu nyingi za mwili. Kwa hiyo mdomo uliopasuka kidogo hutoa damu ya kutisha nyumba nzima. Lakini kwa sababu iyo hiyo nyama ya uso hupona upesi, na kipande kinachoning'inia, ambacho mtu angedhani kimekufa, mara nyingi hushika tena kikirudishwa mahali pake. Basi mtu asikikate wala asimruhusu mwingine kukikata.

Asili ya majeraha haya

Nchi yetu ni nchi ya juu. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja nchi yaporomoka kwa Lyamba lya Mfipa hata bonde la Ziwa Rukwa. Upande wa pili yashuka hata Ziwa Tanganyika, penye Kasanga, Kipili na Kirando. Mtu atokaye mjini kwenda ziwa lolote katika hayo mawili ameteremka mita 900 na zaidi kabla hajaona maji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya safari zetu ni kupanda na kushuka, na breki ya baiskeli au ya lori ina kazi kwetu isiyo nayo katika nchi tambarare.

Zamani njia mbaya zilituzuia tusiende mbio. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye kilomita zaidi ya 220, ilitiwa lami katika miaka ya 2010, nasi tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi; mgonjwa aliyekuwa akisafiri siku nzima kwenda Mbeya sasa huwahi. Lakini lami imeleta mwendo, na mwendo umeleta majeraha ya namna ambayo babu zetu hawakuyajua. Katika miaka hiyo hiyo zilikuja pikipiki za kubeba abiria. Kanuni za serikali za mwaka 2010 zilizipa leseni pikipiki na bajaji kubeba watu kwa malipo, na leo hakuna kijiji, tangu Laela hata Namanyere, tangu Matai hata Mtowisa, kisichokuwa na vijana wakingoja abiria chini ya mti. Hatuwalaumu kwa kazi yao. Wamewabeba wajawazito wengi usiku wakati hapakuwa na gari. Lakini pikipiki haina ukuta wala mkanda, na inapogonga kitu, mtu huruka mbele kwa kichwa, na kitu cha kwanza kufika chini ni uso.

Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, waliandika mwaka 2011 habari za wagonjwa 154 waliotibiwa huko kwa majeraha ya uso na mataya. Zaidi ya nusu yao waliumia katika ajali za barabarani, na wengi walikuwa wanaume vijana. Katika dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lahesabu ya kuwa ajali za barabarani huua watu karibu 1,190,000 kwa mwaka, na kuanguka huua watu kama 684,000. Hesabu hizo ni za waliokufa tu. Waliobaki na meno pengo, jicho moja, au taya lililopinda hawamo.

Hapa yatupasa tuseme neno juu ya kofia ngumu, maana wengi huvaa kwa ajili ya asikari wa barabarani tu. Wataalamu walipokusanya uchunguzi mwingi kutoka nchi mbalimbali, waliona ya kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa kwa mpanda pikipiki kwa sehemu 42 katika 100, na hatari ya kuumia kichwa kwa sehemu 69 katika 100. Lakini kofia si moja. Ile fupi, inayokaa juu ya kichwa kama kibuyu kilichokatwa, hulinda fuvu na kuliacha taya wazi. Ile inayozunguka hata kidevuni ndiyo inayolinda uso. Na kofia isiyofungwa mkanda chini ya kidevu hutangulia kuruka kabla ya mwenyewe, wala haina faida kuliko kofia ya majani. Dada zetu hukataa kofia ya abiria kwa sababu ya nywele na jasho la watu wengine. Hoja hiyo twaifahamu. Kitambaa chepesi cha kufunga kichwani kabla ya kuivaa chaimaliza.

Malori nayo yana sura yao. Baada ya mavuno, kati ya Mei na Agosti, mahindi hushuka na kupanda, na juu ya magunia hukaa watu. Fedha ipo mfukoni, na pombe ipo njiani. Lori likipinduka, aliyekaa juu ya magunia hutupwa mbali, kisha magunia humfuata.

Tusidhani kwamba injini peke yake ndiyo yenye kosa. Katika nchi ya Ufipa tunalima kwa maksai, na kila mkulima ajua ya kuwa jembe la kukokotwa likikutana na kisiki, mikono ya jembe huruka juu kwa nguvu. Nayo humpata mtu kidevuni au kwenye meno. Ng'ombe akigeuza kichwa kumfukuza nzi, pembe yaweza kuingia shavuni mwa kijana aliyekuwa akimfunga nira. Wengine huumizwa na mkokoteni uliojazwa kupita kiasi, wengine na baiskeli yenye gunia nyuma inayoteremka bila breki. Wakati wa masika udongo wetu wateleza kama sabuni, na mwanamke mwenye ndoo kichwani hana mkono wa kujikinga. Watoto huanguka mitini. Fundi huanguka kutoka paani wakati wa kuezeka. Wazee, ambao macho yao yameingia mtoto wa jicho, hujikwaa kizingitini usiku.

Kuna watu wengine ambao huanguka mara kwa mara, na kila mara huvunja meno ya mbele au kupasua paji la uso: hao ni wenye kifafa. Kifafa chao kina dawa ya kumezwa kila siku, isiyo ya gharama kubwa. Mtu wa namna hii asishonwe tu na kurudishwa nyumbani. Na apelekwe aanzishiwe dawa, maana jeraha la leo litarudi mwezi ujao.

Liko na neno jingine, nalo ni zito kulitamka. Wapo wanaofika hospitalini wakisema, Nilianguka, nao hawakuanguka. Anguko lina alama zake: mara nyingi huchubua pua, paji la uso na kidevu, pamoja na viganja na magoti, kwa sababu mtu hutanguliza mikono. Lakini mwanamke mwenye jicho lililovimba na mfupa wa shavu uliobonyea, na viganja vyake safi, amepigwa. Daktari hulijua jambo hilo, na jirani zake hulijua. Mara nyingi ni wazee waliomshauri aseme alianguka mlangoni ili nyumba isiaibike. Shauri la namna hii si la amani. Mfupa wa shavu uliobonyea hutoa majuma machache tu ya kunyanyuliwa kwa urahisi. Ukifichwa, hushikamana vibaya, jicho hushuka, na mtu huona vitu viwili viwili. Kwenye vituo vingi vya polisi pana Dawati la Jinsia na Watoto, ndipo pa kupelekwa habari hiyo. Mzee atakayemsindikiza huko mwanamke aliyepigwa ameitunza nyumba ile kuliko yule aliyemfundisha kusema uongo.

Mtoto aliyeangukia kidevu

Sasa twarudi mahali pale mbele ya masikio.

Mtoto wa miaka mitano au sita ameanguka, tuseme kutoka mti wa mpera au kutoka mgongoni mwa punda, akapiga kidevu chini. Chini ya kidevu pana jeraha la urefu wa kidole. Mama ampeleka zahanati, jeraha lashonwa nyuzi tatu, lapona kwa juma moja, na kila mtu asahau. Lakini ile nguvu iliyopiga kidevu haikuishia kidevuni. Ilipanda kwa mfupa wa taya, kulia na kushoto, ikafika kwenye vile vichwa viwili vidogo. Kwa mtoto vichwa hivyo ni laini na vimejaa damu. Hupondeka, na damu humwagika ndani ya kiungo. Mtoto husikia maumivu anapofumbua kinywa, basi hakifumbui sana. Mama humpa uji, naye hafurahii kutafuna. Hayo yote yaonekana ni mambo ya kawaida kwa mtoto aliyeumia. Kumbe ndani ya kiungo kisichotumika damu ile yageuka polepole kuwa mfupa, na taya lashikamana na fuvu.

Miezi yapita, hata mwaka. Siku moja mama aona ya kuwa kijiko hakiingii. Hapo ndipo shida kubwa huanza katika nchi yetu. Watu wengi hulieleza jina la Sumbawanga kuwa ni neno la Kifipa la kumwambia mtu autupe uchawi, na katika Tanzania nzima mji wetu hufanyiwa mzaha kwa ajili hiyo. Mzaha ungekuwa kitu kidogo, lakini mtoto ambaye kinywa chake kimefungwa bila homa, bila kidonda na bila maumivu, nani atamkumbuka mti wa mpera wa mwaka jana? Husemwa amefungwa na mtu. Hutafutwa jirani, au shangazi, au mke wa pili, na fedha ambayo ingemfikisha Mbeya huisha kwa wapiga ramli. Twasema wazi: mwenye kosa ni lile anguko, na ushahidi wake ni kovu dogo chini ya kidevu. Yeyote aletewaye habari ya mtoto aliyefungwa kinywa na amwinue kidevu kwanza aangalie.

Hali hii isichanganywe na pepopunda. Pepopunda huja kwa siku chache baada ya jeraha, nayo huja na kukakamaa kwa shingo na mgongo na mishtuko ya mwili wote, na ni ugonjwa wa kukimbiza hospitalini saa ile ile. Kinga yake ni chanjo. Kushikamana kwa taya huja kwa miezi, pole pole, na mtoto hucheza na wenzake kama kawaida.

Mtoto asipotibiwa, taya la chini huacha kukua. Kidevu hurudi nyuma, uso huwa mwembamba chini. Meno hayawezi kusafishwa, huoza yakiwa yamefungiwa. Hupitisha uji katika pengo la jino. Usiku hukoroma sana, hata pumzi hukatika, kwa kuwa ulimi umekosa nafasi. Shuleni husinzia, na mwalimu humwona mvivu.

Namna ya kuliona jambo hili mapema ni nyepesi, wala haihitaji chombo. Mtu mzima kama mtoto, akifumbua kinywa vizuri, huweza kuingiza vidole vyake mwenyewe vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya juu na ya chini. Kila mtoto aliyeangukia kidevu na apimwe hivyo baada ya maumivu ya kwanza kupungua, kisha kila juma kwa miezi kadhaa. Vikiingia viwili tu, au mtoto akifumbua na kidevu kikaenda upande mmoja, apelekwe kwa daktari wa kinywa na meno. Mapema hivyo tiba ni dawa ya maumivu, chakula laini kwa muda mfupi, na kumzoeza afumbue kinywa kila siku, hata akilia kidogo. Zaidi ya hayo, kovu la mfupa likiisha kuwa gumu, hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka itakayolifungua. Ni kisu cha daktari bingwa tu. Na hata kulala usingizi wa upasuaji ni hatari, maana mpira wa kupumulia hauwezi kupita katika kinywa kilichofungwa. Baada ya kisu mazoezi huendelea kwa miezi mingi, la sivyo mfupa hurudi.

Saa ya kwanza

Katika vita kuu ya kwanza, ile iliyofika hata kwetu Kasanga, iliyoitwa wakati ule Bismarckburg, ilipotwaliwa na Waingereza mwaka 1916, askari wengi wa Ulaya walipigwa usoni. Ikajulikana huko ya kuwa askari waliovunjika taya walikufa wakiwa juu ya machela kwa sababu walilazwa chali: taya lililovunjika lilimwachia ulimi, ulimi ukaanguka nyuma, damu ikajaza koo. Wenzao walioketi wameinamia mbele walifika hai. Baadaye daktari Harold Gillies, mzaliwa wa New Zealand, aliwatibu askari wa namna hiyo kwa maelfu katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1917, na kutoka huko tiba ya kutengeneza nyuso ilienea.

Fundisho lile ni letu leo, maana desturi yetu ni kumlaza majeruhi chali nyuma ya gari ndogo, kichwa juu ya mapaja ya ndugu, uso ukitazama mbinguni. Kwa mwenye jeraha la uso kulala hivyo kwaweza kuwa kufa. Akiwa na akili zake, na aketi akiinama mbele, damu na mate vitiririke nje. Akiwa amezimia, na alazwe kwa ubavu, watu wakimgeuza mwili wote pamoja na kichwa kama gogo moja, kwa maana shingo nayo yaweza kuwa imevunjika. Meno yaliyong'oka, udongo na damu iliyoganda vitolewe kinywani kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Asinyweshwe kitu.

Damu huzuiwa kwa kugandamiza kitambaa safi, kwa nguvu, dakika kumi bila kufunuafunua kutazama. Majivu, ugoro, mafuta ya taa na kinyesi cha ng'ombe visitiwe kabisa. Mchanga na weusi wa lami visipooshwa vizuri kabla ya kushona hubaki chini ya ngozi kama chale zisizofutika. Kwa hiyo mgonjwa asinung'unike daktari akimsugua kwa muda mrefu. Jeraha la uso laweza kushonwa hata siku ya pili likiwa safi, basi mtu wa mbali asikate tamaa akasema wakati umepita.

Maji meupe kama ya chemchemi yakitoka puani au sikioni baada ya pigo, huenda yatoka karibu na ubongo. Pua isizibwe kwa pamba, na mgonjwa asipenge. Jicho likiacha kuona, au likiona vitu viwili, ni la saa hiyo, si la kesho.

Jino la mtu mzima, au la mtoto aliyekwisha kubadili meno, likiruka zima na mzizi wake, huweza kurudi. Lishikwe kwa upande wa kutafunia, wala si mzizi. Lisuuzwe kidogo kwa maji safi bila kusuguliwa. Lirudishwe katika tundu lake, na mwenyewe aumie kitambaa ili lisitoke. Likishindikana, litiwe katika maziwa baridi, ambayo katika nchi ya ng'ombe hayakosekani, likimbizwe pamoja na mwenyewe. Likicheleweshwa zaidi ya saa moja, tumaini lapungua sana. Jino la utoto halirudishwi.

Na jinsi ya kujua kama taya limevunjika? Mwambie akutanishe meno, kisha umwulize kama yakutana kama yalivyokutana jana. Swali hili moja lina thamani. Akisema hayakutani, au mdomo wa chini umekufa ganzi, limevunjika, hata kama uvimbe ni mdogo.

Mzigo wa hospitali

Wazee wa pwani ya Ziwa Tanganyika humkumbuka Adriano Atiman, mzaliwa wa Sudani ya Magharibi, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomea utabibu Malta, kisha akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu huko hata uzee wake. Alikufa mwaka 1956. Siku zile mtu mmoja aliweza kuwa hospitali. Jeraha la uso la siku zetu haliwezekani kwa mtu mmoja, na hilo ndilo watu wasilolielewa wanapokasirika wakingoja.

Hebu tuhesabu. Kijana ameanguka na pikipiki usiku, taya limevunjika mahali pawili, uso wa katikati umelegea. Muuguzi mmoja hana budi kukaa naye hata asubuhi na mashine ya kufyonza damu, asije akasongwa. Na wodi ile ina wagonjwa wengine. Picha ya mifupa yatakiwa, na damu ya kuongezewa yatakiwa, nayo haipatikani dukani bali katika mishipa ya ndugu. Mtoa dawa ya usingizi lazima apitishe mpira puani badala ya kinywani, kwa kuwa kinywa ndicho kinachotengenezwa. Waitwa daktari wa meno, daktari wa macho, na daktari wa upasuaji. Mifupa ya uso ikiwa imepondeka sana, mgonjwa huhamishwa kutoka hospitali ya rufaa ya mkoa, Sumbawanga, kwenda hospitali ya kanda, Mbeya, kilomita zaidi ya 300, au hata Muhimbili. Gari la wagonjwa huondoka na dereva na muuguzi, na mpaka litakaporudi, mama mwenye uchungu mbaya huko vijijini alingoja gari lile lile. Kwa hiyo mzigo wa kijana mmoja asiyevaa kofia huchukuliwa na watu asiowajua.

Nyumbani nako mzigo upo. Mtu akiumia Novemba, wakati wa kupanda, amepoteza mwaka. Ndugu anayemwuguza naye halimi.

Yafaa watu wajue habari ya fomu ya polisi, iitwayo PF3. Aliyeumia kwa ajali au kwa kupigwa huhitaji fomu hiyo kwa ajili ya sheria na madai yake, nayo hutolewa kituoni. Lakini aliye mahututi asizungushwe kituoni huku akivuja damu: apelekwe kwenye tiba, ndugu mwingine aende polisi.

Taya lililovunjika hutibiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni vibamba vidogo vya madini na skrubu zake, ambavyo humwezesha mtu kufumbua kinywa mapema, lakini bei yake ni kubwa na mahitaji yake ni mengi. Ya pili, ambayo watu wengi wa vijijini huipata, ni kufunga meno ya juu na ya chini pamoja kwa waya, majuma manne hata sita. Hiyo ni tiba njema ikitunzwa, na kutunzwa kwake ni kazi ya nyumbani. Mgonjwa hula vya kunywa tu: uji wa ulezi uliochanganywa na maziwa na karanga zilizosagwa laini, mchuzi wa maharage uliochujwa, yai lililokorogwa katika uji wa moto. Anywe kidogo kidogo mara sita au saba kwa siku, maana wengi hukonda sana kwa kudhani milo mitatu yatosha. Baada ya kila kinywaji asukutue maji ya chumvi, na meno ya nje yasuguliwe kwa mswaki mdogo.

Pombe asiiguse kabisa muda wote huo. Akitapika na meno yamefungwa, atasongwa. Kwa ajili hiyo hospitali humpa ndugu koleo ndogo ya kukatia waya, au humwonyesha ni waya zipi za kukata. Koleo hiyo ining'inie shingoni mwa mgonjwa au kitandani pake, isifungiwe sandukuni. Alale kichwa kimeinuliwa. Anayeishi ng'ambo ya mteremko, kama Mtowisa au Kirando, na atafute ndugu wa kukaa naye mjini majuma ya kwanza, maana waya hulegea na hutaka kukazwa.

Siku waya zinapoondolewa kinywa hakifunguki mara moja. Kwanza kidole kimoja huingia kwa taabu. Mgonjwa na afumbue na kufumba asubuhi, mchana na jioni, mara ishirini kila safari, akijipima kwa vidole vyake, na arudi hospitalini kwa tarehe aliyoandikiwa hata kama hasikii maumivu yoyote.